Mwaka Rangi ya Kahawa Ilisimama ku Kura

Ile siku ya kura, mu lupango, ule uwanja ya atelier yetu ya kutia rangi, tulikuwaka hivi. Miye Nabintu, nilikuwa ku moto. Maman Cibalonza, mukubwa wetu, mwenye alinifundisha kazi na mwenye alikuwa marraine, mama wa ubatizo, wa mutoto wangu wa kwanza. Nankafu, mwenzangu, tulikuwa tunashika pipa moja. Bwana yake, Citoyen Mugaruka, mwalimu wa primaire. Chama ilikuwa imemuweka président wa biro ya kura, na biro ilikuwa mu lupango yetu, ju ilikuwa kubwa kupita zingine mu kartié. Papa Zihalirwa, katekista wa paroisse ya bakatoliki, na Pasta Bisimwa wa baprotestanti. Hawa babili baliowa mutu na dada yake, kwa hiyo balikuwa bashemeji, na hawakupatanaka hata juu ya mvua kama inanyesha ao hainyeshe. Wa mwisho Citoyen Kalimba, chef wa cellule ya Chama, mwenye alikuwa analala mu annexe ya Maman Cibalonza na kulipa wakati roho yake ilipenda.

Ninyi banabinti ba atelier mumeniomba niandike juu ya kazi, sasa vile nimepumuzika. Shule yangu ni kidogo, nilitoka mbele ya kujua kugawanya. Lakini majina haijanitokaka. Muvumilie maandiko, mushike majina.

Nilianza kazi wakati ya Zaïre, tumbo iko mbele na mutoto mungongo. Siku ya kwanza Maman Cibalonza alinipatia fimbo ya mukaratusi, ndefu kunipita.

"Nabintu, huyu ni bwana yako wa pili," alisema. "Wa kwanza anaweza kukukimbia. Huyu, hapana."

Ile fimbo niliiaga mwezi uliopita. Bwana wa kwanza alikimbia zamani, Maman Cibalonza alikuwa na haki.

Alinifundisha hivi, na ninyi mufanye hivi: musiangalie rangi ndani ya pipa, pipa inadanganya. Mutie tone moja ku kipande ya kitambaa nyeupe, mungoje ikauke, njo museme. Pamba inapenda chumvi. Sufu inapenda vinaigre, ile siki. Nylon haipendi mutu yeyote, muirudishe kwa mwenyewe. Na mukono yenye imeingia ndani ya rangi musiipeleke ku uso. Miye nilikaa Pasaka nzima na sharubu ya bleu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa nyeusi ya kilio. Mutu anakufa asubui, mangaribi jamaa nzima inataka kuvaa nyeusi. Batu ba Katana balituletea siku moja manguo ya jamaa nzima, ju muzee wao alikuwa ku hopitali ya kule na munganga alikuwa amesema ngojeni tu. Tulitia rangi, tukakausha, tukapiga pasi. Muzee akapona. Batoto bake bakarudi, baliomba tutoshe, tuondoe ile nyeusi. Maman Cibalonza akabaambia nyeusi haitokake, bangoje tu, itafaa. Kisha siku kidogo muzee mwenyewe akakuja kwa miguu yake, anavaa koti ya kilio chake, akasema ni nguo nzuri, haioneshe buchafu. Aliivaa miaka mingi.

Maman Cibalonza alikuwa na neno moja yenye alipenda: hakuna rangi yenye itanishinda. Muikumbuke ile neno, ju inakuja mbele.

Sasa, kura. Kandida alikuwa moja, Guide, Mukubwa wa inchi. Ku meza banaweka makarte ya kura mafungu mbili: ya kijani ni ndiyo, ya nyekundu ni hapana. Unachukua yenye unapenda, uko huru kabisa, Citoyen Kalimba anakuangalia, na unatia ndani ya sanduku. Mutawaza ya kama hapo hakuna ya kubishania. Ni kusema hamukuona kartié yetu. Tulibishana kuliko siku hizi, na siku hizi bakandida banajaa karatasi nzima.

Papa Zihalirwa na Pasta Bisimwa balianza kule ku mulango yetu, kila mutu na Biblia yake chini ya kwapa.

"Ule mutu ni mukatoliki," katekista alisema. "Mapadiri njo balimubatiza, mapadiri njo balimufundisha kuandika. Jina ya mutakatifu aliitosha ku karatasi, haikutoka ku roho."

"Shemeji! Mutu mwenye alikataza Noeli isikuwe tena siku ya kupumuzika, mwenye aliwanyang'anya majina yenu yote ya ubatizo, unamuita mukatoliki? Ule ni wetu. Hajajua tu."

"Hajajua?"

"Atajua."

Kwa hiyo bakatoliki balipenda kumuchagua ju ni mukatoliki, na baprotestanti ju ni muprotestanti, na kila upande ulisema ule mwingine ukitia ndiyo mingi zaidi, atajua ya kama ni wao bamemuweka, na atafuata dini yao. Kandida alikuwa moja, lakini alikuwa anashindana na yeye mwenyewe, na hatukujua mwenye atashinda.

Siye bamama ku pipa hatukuangalia dini, tuliangalia mutu. Foto yake ilikuwa ku ukuta, na kofia, lunetti na fimbo.

"Muone midomo," Nankafu alisema. "Hii midomo haijaombaka mutu pardon."

"Mikono njo inasema," Maman Cibalonza alijibu. "Mwenye kushika fimbo hivi haoshake sahani."

Miye nikasema: "Macho haionekane nyuma ya lunetti. Mutu mwenye sioni macho yake, siwezi kumupatia binti."

"Nabintu, hakuna mwenye anakuomba binti," Maman Cibalonza akasema. "Banakuomba kura."

"Na kama sipende lunetti?"

"Chukua nyekundu. Kisha utatuandikia kutoka gereza, utuambie kama kule kuko makala ya moto ya kutosha."

Tulicheka, lakini Nankafu hakucheka sana. Chama ilikuwa imemuambia bwana yake neno moja tu: nyekundu ikionekana ndani ya sanduku ya lupango ile, hatutamutafuta mwenye aliitia, tutachukua président wa biro. Citoyen Mugaruka alikuwa mutu wa kufundisha batoto hesabu na kupanda mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba. Alikuwa ameanza kulala na viatu miguuni, ju bakikuja asitoke miguu wazi.

Siku ikafika. Bakatoliki balitoka misa ya kwanza bakakuja na chorale nzima, bamama bamevaa bikwembe bya Chama. Balichukua kijani na bidii. Mwingine alichukua yake na ya bwana mwenye alikuwa safari Kavumu. Mwingine mbili, moja ya sanduku, moja ya kuweka ndani ya missel, kitabu yake ya misa, ju ilipita mikono ya katekista. Mulevi mumoja alitaka tatu, moja kwa kila kopo ya kasiksi, pombe ya ndizi, yenye Chama ilimunywesha. Citoyen Kalimba alifurahi, alibapatia bote.

Wakati baprotestanti balitoka ku ibada yao na ngoma, Pasta mbele, mustari ulifika mpaka ku barabara. Ku meza, fungu ya kijani ilikuwa imekwisha. Fungu ya nyekundu ilikuwa palepale, safi, refu, haijaguswa.

Pasta Bisimwa aliangalia meza. Akageukia batu bake, akalia kwa sauti ya mahubiri:

"Bakatoliki bamemaliza kandida!"

Kelele ya ile saa sitaweza kuiandika. Citoyen Kalimba akatuma mutu ku zone, ku biro ya bakubwa, kuomba kijani ingine. Mutu akarudi mikono mitupu: kijani imekwisha ku mabiro yote, nyekundu ikihitajika balisema tuchukue hata kamio, lori nzima.

"Barudi kwao basipige kura," Citoyen Mugaruka alisema polepole.

"Hapana," Kalimba akajibu. "Mutu asipopiga kura, ni adui."

"Basi bapige na yenye iko."

"Hapana. Mutu akitia nyekundu, ni adui."

"Citoyen Kalimba. Sasa?"

Kalimba akaangalia hivi na hivi, akaona mapipa yetu. Nankafu aliona macho yake yanafikia wapi, akashika mukono wangu.

"Maman Cibalonza," Kalimba alisema, na ile siku alitumia sauti ya mutu mwenye atalipa nyumba. "Weye si unasemaka hakuna rangi yenye itakushinda?"

"Ninasemaka."

"Hii nyekundu, ifanye kijani."

Miye nilitazama ile makarte, nikatazama mukubwa wangu. Yeye alivuta kikwembe chake juu ya matiti, akasema: "Nabintu, tia makala."

Banabinti, kama siku moja munaombwa kutia rangi ku karte, mukatae. Karte inakunywa maji kama ule mulevi. Ukiiacha kidogo inakuwa bugali. Tulizamisha haraka, tukatosha na kijiko ya mboga, tukatundika ku kamba na bibanio bya kuanikia surplis, kanzu nyeupe za paroisse, kisha nikapiga pasi kati ya bikwembe mbili. Baprotestanti balikuwa banaimba na kungoja inje ya mulango. Maji ya pipa ilikuwa kijani ya kupendeza. Karte ya kwanza ikakauka. Ilikuwa na rangi ya kahawa. Ya pili, kahawa. Tulimwaga kijani yote ya uniforme za banafunzi, ikatoka kahawa ya kukolea.

Maman Cibalonza aliishika juu ku jua, akaigeuza kama mutu anasoma.

"Ni kijani," alisema.

"Maman," nikasema.

"Kijani ya wakati wa jua. Muende Kavumu saa hii, muone majani ya kule iko na rangi gani."

Kalimba akaikubali. Nyekundu haikuonekana tena, ile ilikuwa inamutosha. Citoyen Mugaruka alikuwa anafungua na kufunga kamba ya kiatu.

Wa kwanza mu mustari alikuwa mama mumoja mwenye kutoka Mudaka, muuzaji wa mashu, zile kabeji. Akashika karte, ikamuachia kahawa ku bidole.

"Citoyen, hii rangi ni ya nani?"

Kalimba hangeweza kusema ni nyekundu yenye tumezamisha. "Mama, tia tu. Ni ya kandida."

"Kandida gani?"

"Mama, utatia ao hautatia?"

Akatia. Lakini aligeuka akaambia ba nyuma: "Anakataa kusema jina yake! Kuko mwingine!"

Njo vile alizaliwa. Mbele mama ule afike ku barabara, kandida wa kahawa alikuwa tayari mutu muzima. Ku katikati ya mustari balisema hanywake bière, iko na bibi moja, na havaake kofia ya ngozi ya nyama. Nyuma kidogo balisema ni mutu wa sauti ndogo, anasalimiaka bamama mbele ya babwana. Ku mwisho alikuwa ameshapatikana mupwa wake, kijana wa Bagira, mwenye alikubali kusalimiwa. Batu bakatia kura na machozi. Pasta Bisimwa alikuwa anatingisha kichwa: "Niliwaambia. Atajua. Amejua."

Bakatoliki, benye balikuwa bamekwenda kula samaki sambaza majumbani, bakasikia. Bakarudi mbio, Papa Zihalirwa mbele.

"Onesha," aliniambia miye. Nikamuonesha karte. Akafunga macho. "Ni rangi ya kanzu ya Mutakatifu Antoni, mwenye sanamu yake iko ku kanisa letu kwa mulango wa kushoto. Huyu kandida ni mukatoliki. Na ni masikini, kama Antoni."

"Shemeji, weye ulishachagua!" Pasta alipiga kelele. "Ule wa lunetti ni wako, kaa naye! Asubui ulisema ni mukatoliki!"

"Asubui sikumujua huyu!"

"Huyu ni wetu! Muone bidole byetu!"

Baligombana kwa kusukumana na Biblia, na bibi zao, mutu na dada yake, bakakaa juu ya benchi moja, banaangalia. Papa Ramazani, mwenye aliuzaka nyama ku soko na kusali ku muskiti, alikuja polepole kuniuliza kama huyu mupya anakulaka nguruwe. Nilimujibu sidhani. Nilikuwa nimemupiga pasi, sikuona dalili ya nguruwe. Akashukuru, akaingia mu mustari.

Nikaenda kuchukua maji ku tanki. Citoyen Kalimba akanifuata, mwenye ni yeye aliyeamuru tuzamishe, mwenye aliona nyekundu ikiingia na kahawa ikitoka. Akakaribia sikio yangu.

"Maman Nabintu. Siri yetu. Huyu wa kahawa, ni mutu wa wapi?"

Nilimutazama. Hakuwa anacheka.

Alasiri Citoyen Mugaruka alifunga mulango wa lupango na akafungua sanduku ju ya kupanga makarte mbele kamio ya zone ifike. Kijani aliweka upande huu. Kahawa aliweka upande ule. Fungu ya kahawa ikapanda, ikapanda, ikapita ya kijani. Njo hapo sisi bote tuliona jambo. Nyekundu haikukuwa hata moja, ni kweli. Lakini mu lupango yetu Guide alikuwa ameshindwa, mu kura yenye alikuwa peke yake.

Citoyen Mugaruka alikaa chini. "Ingekuwa nyekundu, bangenifunga," alisema. "Hii, hata sijui bataita kosa yake jina gani."

"Useme ni kijani ya wakati wa jua," Maman Cibalonza akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Maman, iko pembeni ya kijani. Mutu anaona."

Tulisikia kamio inapanda, inabadilisha gia ku kona. Nankafu alikuwa amesimama ku pipa, fimbo mukononi. Hakulia, hakuita Mungu. Alikuja, akakusanya kijani yote ndani ya kikwembe, ndiyo zote za bakatoliki, na zile mbili mbili, na ya bwana wa safari, akaitupa ndani ya pipa.

"Nankafu!" bwana yake alilia.

"Shida ni mbili," alisema, anakoroga. "Zikuwe moja."

Yale maji ilikuwa imekunywa nyekundu ya siku nzima. Kijani ikazama, ikatoka kahawa. Papa Zihalirwa na Pasta Bisimwa, mashati imepasuka, balitundika pamoja ku kamba moja bila kusemezana. Kalimba alipepea na kofia yake. Miye nilipiga pasi mpaka moshi.

Commissaire wa zone aliingia na bazandarma, baaskari babili. Alikuta fungu moja. Akachukua karte, akaigeuza, akaitia ku pua.

"Hii ni nini?"

Nankafu alikuwa amesimama karibu na bwana yake, ameficha mikono nyuma. Nilisikia makala inapasuka ndani ya pasi.

Kalimba akatoka mbele, akasimama kama askari. "Citoyen Commissaire, kandida iko moja, rangi iko moja."

Commissaire akatafuta na macho yake juu ya meza, chini ya meza. Alikuwa anatafuta ya kuilinganisha nayo. Hakukuwa. Nyekundu haiko, kijani haiko.

"Mwenye kusema hapana?"

"Hakuna hata mumoja."

"Na kijani ya huku iko hivi?"

Pasta akasema: "Ni inchi ya kahawa, Citoyen Commissaire." Na katekista akasema: "Ni vile." Miaka yote niliyobajua, ni mara yao moja ya kukubaliana.

Commissaire akarudisha karte ku fungu. Kisha akasema ku biro ingine, chini kule Kadutu, mbuzi ilikula sanduku, na yeye, mutu wa kuandika tu ndiyo, atapata wapi nguvu ya kuuliza zaidi. Akaandika bote bamesema ndiyo. Akasalimia Citoyen Mugaruka kwa mukono, akamupongeza kwa umoja wa batu bake. Kamio ikashuka na sanduku. Mwalimu akabakia. Aliangalia kiganja yake, ilikuwa kahawa. Akavua viatu hapo hapo mbele yetu, akaenda kwake miguu wazi.

Kazi iliendelea. Nyeusi ya kilio, uniforme, mapazia. Maman Cibalonza aliacha kusema ile neno yake, na Kalimba hakulipa nyumba. Lakini ule mutu wa kahawa hakuondoka. Bei ya chumvi ikipanda, mutu anasema: kama ule angeingia. Balimu bakikosa mushahara: ule hangeacha. Bakatoliki balisema aliingia monasteri. Baprotestanti balisema anahubiri ku upande wa Shabunda, bachimba dhahabu banamusikiliza. Kijana wa Bagira aliowa juu ya ile heshima. Na hata sasa, bakandida bakiwa wengi na foto zao na ahadi zao, batu bananiuliza kwanza kandida anasali wapi, kisha uso yake iko namna gani, na ku mwisho kuko mwenye anainama: "Na ule wetu, mwaka huu hasimame?"

Banabinti, nimeandika kama nakumbuka. Nankafu na bwana yake bangali bazima. Lengalenga iko palepale nyuma ya nyumba. Nankafu anasema kamba ya kutundika ilikuwa mbili, miye naona moja. Mama wa mashu, pengine alikuwa wa Mudaka, pengine wa mbele kidogo. Kama nimeweka jina fasi yenye si yake, ao nimesahau mutu mwenye alikuwa mu lupango, mukuje muniambie, nitafuta, nitaandika upya. Lakini mutu asikuje kuniambia ule kandida hakukuwako. Nilimupiga pasi miye mwenyewe, na ile siku njo alimurudisha Citoyen Mugaruka kwake.